Visanduku Vitupu vya Mzee Kibwana

Mimi ndiye ninayewatembeza watu elfu tisa wa mji huu, na sioni haya kulisema. Ukimwona mtu Dar es Salaam aliyepooza miguu na leo anavuka barabara mwenyewe bila mkongojo, ujue kiunoni kavaa mshipi, na ndani ya mshipi ule kuna biti yangu.

Ndiyo, biti. Kabla Kituo cha Mwendo hakijaniajiri nilikuwa prodyuza wa singeli, ule muziki wetu wa kasi, pale Manzese. Jina langu ni Mwamvita Kondo, lakini studioni waliniita Vita Mkono Mmoja, kwa sababu niliweza kujaza ubao mzima wa sikwensa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unakula chipsi. Daktari aliyenichukua kazi alisikia nyimbo zangu mbili tu, akasema huyu ndiye. Hakukosea.

Ubao wa kituoni ni uleule wa studio. Mistari ya visanduku kumi na sita, na mwanga unaovipitia kimoja kimoja toka kushoto hadi kulia, kisha unarudi mwanzo. Studioni mstari wa kwanza ulikuwa wa kiki, ile ngoma nzito ya chini, wa pili wa kofi, wa tatu wa kengele. Ukigusa kisanduku kinawaka, na mwanga ukikifikia kinalia. Kituoni mstari wa kwanza ni paja la kushoto, wa pili goti lake, wa tatu kifundo, na kuendelea hivyo hadi vidole vya mguu wa kulia. Mwanga ukifika kwenye kisanduku kinachowaka, mshipi unatuma mshtuo mdogo kwenye waya uliopandikizwa chini ya ngozi, na msuli unakaza. Ukipanga vizuri, mtu anatembea. Ukipanga vibaya, anaipiga meza teke.

Jumanne moja ya mwezi wa tano aliletwa Mzee Kibwana Mlanzi kwa ukaguzi wa miezi sita. Alikuwa mtu wa Kisarawe, mrefu, wa miaka sabini na mmoja, aliyepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Alifuatana na mkewe, Bi Sikudhani, na binti yao Havijawa, ambaye ndiye aliyetia saini karatasi zote za mshipi. Mzee aliuvuka ukumbi wetu kwenda na kurudi bila kuyumba hata kidogo. Nilikunja mikono kifuani nikisubiri sifa zangu.

"Dada, Mungu akulipe," Havijawa alisema. "Hajaanguka hata siku moja."

Bi Sikudhani alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. "Anatembea, sikatai," alisema. "Shida ni kwamba huyo anayetembea si mume wangu."

"Mama jamani!"

"Niacheni niseme. Nimekaa na huyu mzee miaka arobaini na nane. Akitoka msikitini nilikuwa nazisikia hatua zake tangu kwa jirani, naanza kumimina chai. Siku hizi nasikia mtu anaingia uani, najifunga kanga vizuri, najua nimepata mgeni wa kike. Nachungulia, Kibwana!"

Mzee alicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimeshavimba kichwa. "Mama, utazoea tu."

"Mwanangu, hebu na wewe tembea," akaniambia. "Nenda mpaka pale dirishani, urudi."

Nilidhani anatania, lakini alikuwa ameshafumba macho. Nikaenda, nikarudi. Nilipofika karibu naye alikuwa anatikisa kichwa taratibu.

"Huyo huyo," alisema. "Kisigino cha kulia kinakwaruza kwanza ndipo kinatua. Ndiye anayeingia uani kwangu kila jioni."

Kifundo changu cha kulia nilikivunja miaka kumi na tisa iliyopita, niliporuka toka jukwaani kwenye kigodoro, sherehe ya usiku ya mtaani, kule Tandale. Tangu siku hiyo kisigino hukwaruza. Hakuna mtu aliyewahi kuligundua hilo, na mimi mwenyewe nilishalisahau. Nilimtazama Mzee Kibwana akigeuka mlangoni kuondoka na familia yake, nikaisikia ile sauti ya kiatu sakafuni, na nikaona aibu ambayo sikuitarajia.

*

Walipoondoka nilijifungia nikafungua mafaili ya zamani.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka mitano nyuma, kituo kilipotaka mwendo wa kuanzia, wa kuwekwa kwenye kila mshipi mpya, nilipewa siku tatu. Prodyuza akikosa sauti ya kofi hatafuti mtu, hupiga la kwake na kulirekodi. Nikafanya vivyo hivyo. Nilijibandika vipimo miguuni, nikatembea koridoni dakika arobaini, nikaupeleka mwendo wangu kwenye ubao. Nikauongezea mtelezo, yaani vile visanduku vya katikati vinachelewa kidogo sana, ili mtu asitembee kama roboti. Kazi ikawa tamu. Watu elfu tisa wakapewa miguu yangu pamoja na kifundo changu kibovu.

Hilo ningeweza kulicheka. Lililonikata maini ni lingine.

Juu ya ubao kuna mstari mwembamba wa kijani unaoonyesha ishara ya mwenyewe, yaani kile kidogo ambacho ubongo wa mgonjwa bado unakituma miguuni. Waliobuni mshipi walitaka baadhi ya visanduku viachwe vitupu. Mwanga ukifika kwenye kitupu, mshipi unakaa kimya na kumngoja mwenye mguu akijaze mwenyewe. Mimi nilikuwa nimevijaza vyote. Hakuna aliyeniambia. Nilijaza kwa mazoea, kwa sababu singeli haina shimo. Ukiacha nafasi kwenye singeli watu wanakwenda kununua soda, na mimi katika maisha yangu yote ya studio sikuwahi kumpa mtu nafasi ya kwenda kununua soda.

Nikaitazama ishara ya Mzee Kibwana. Siku aliyovalishwa mshipi ilikuwa arobaini na moja katika mia. Jumanne ile ilikuwa tisa. Nikafungua ya mwingine, na mwingine, mpaka nikachoka. Zote zilikuwa zinateremka. Mguu uliofanyiwa kila kitu ulikuwa umeacha kuuliza.

Daktari Mbilinyi, mkuu wa kituo, alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya chungwa. Hakushtuka, na hapo nikajua.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Tangu mwaka wa pili." Akaweka kisu chini. "Mwamvita, kabla hujaja tuliacha visanduku vitupu kama ilivyoelekezwa. Watu ishirini na sita walivunjika nyonga. Wanne tukawazika, na mmoja nilikwenda kumzika mwenyewe kule Njombe. Ukaja wewe na singeli yako, ukajaza. Hajaanguka mtu tena. Unataka nimwombe nani radhi?"

"Baada ya miezi mitatu Mzee Kibwana atakuwa hana kitu chake tena miguuni. Ukimvua mshipi ataanguka kama gunia."

"Basi tusimvue."

"Na akiutaka mwendo wake?"

"Akiutaka yeye, na binti yake akatia saini, mpangie. Kanuni inaruhusu mgonjwa mmoja mmoja." Akanipa kipande cha chungwa. "Ila usinivurugie hao elfu tisa."

Nilikila kile kipande. Alikuwa na hoja, na kilichoniudhi ni kwamba sikuweza kuivunja.

*

Nyumba ya Mzee Kibwana iko Kisarawe, jirani na mashine ya kusaga. Nilifika Jumamosi asubuhi na ubao wangu begani, nikawaeleza wote watatu ukweli bila kupamba. Niliwaambia ishara ni tisa, niliwaambia sababu ni mimi, na niliwaambia kuhusu nyonga ishirini na sita na makaburi manne.

Havijawa alisimama. "Hapana. Sitii saini."

"Mwanangu, msikilize kwanza," mama yake alisema.

"Nimesikia mama. Nani aliyemkuta bafuni? Mlikuwa harusini, mimi ndiye niliyevunja mlango. Alikuwa sakafuni saa tatu nzima, ameng'ang'ania ndoo, anataka kuniita na jina langu halitoki mdomoni." Alikuwa analia sasa, na hakujificha. "Dada, wewe hukuliona lile. Mimi sitaki kumwona baba yangu chini tena. Atembee kama wewe, atembee kama waziri, sijali, mradi asimame."

Nilimpenda yule mwanamke palepale.

Mzee Kibwana akaingilia. Ulimi wake ulikuwa bado mzito, na alisema polepole, akichagua maneno machache. "Wiki mbili zijazo tunamtoa mwali. Wewe Havijawa, ni binti yako. Ngoma ikitoka barabarani, mdundiko wa nyumba hii nani anautangulia?"

"Wewe baba. Utautangulia. Mshipi unao."

"Mshipi hauujui mdundiko."

Kisha akanigeukia, akaanza kupiga makofi pajani. Nikatoa ubao haraka na kuanza kugusa visanduku, maana makofi ya mtu mzima hayarudiwi mara mbili. Nilikwama kwenye mzunguko wa pili. Kila nilipofika mwisho wa visanduku kumi na sita, yeye alikuwa ameshaanza upya zamani.

"Unanikimbilia wapi?" akauliza.

"Mzee, wewe unahesabu kwa tatu tatu. Ubao wangu unahesabu kwa nne."

"Basi ukate."

Nikafuta visanduku vinne vya mwisho vya kila mstari, vikabaki kumi na viwili, na mwanga ukaanza kurudi pale anaporudi yeye. Bi Sikudhani akapiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akajiziba mdomo. Tukaendelea. Nilipanga paja, nikapanga goti, nikapandisha nguvu ya kifundo cha kushoto. Mkono wangu, kwa tabia yake, ukaanza kujaza zile nafasi za katikati.

"Hapo usiniwekee kitu," Mzee alisema.

"Pakibaki patupu utayumba, mzee wangu."

"Nitayumba. Mdundiko ni wa kuyumba. Anayetangulia anachelewa makusudi, ngoma inamvuta. Ukinijazia hapo, ngoma itanivuta na nini?"

Nilitoa mkono. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliacha mashimo, moja baada ya jingine, kila aliponiambia. Tulipomaliza, katika visanduku kumi na viwili vya kila mstari, vilivyowaka vilikuwa vitano tu. Ulikuwa ubao mzuri kuliko wote niliowahi kuutengeneza, na haukuwa wangu.

Havijawa aliutazama kwa muda mrefu. "Kuna namna ya kuvijaza ghafla? Akiwa anaanguka?"

Nikamwonyesha rimoti. Ina kitufe kimoja kikubwa. Ukikibonyeza, mwendo wa zamani unarudi wote na mgonjwa anasimama wima kabla hajafika chini. Au akishafika chini, unamnyanyua.

"Utaishika wewe, utatembea nyuma yake hatua mbili," akasema. "Mbili, dada, si tatu."

Nikaapa. Akatia saini, akaingia ndani bila kuaga. Kwa wiki mbili mzee alifanya mazoezi uani akishikilia ukuta, na nilikwenda kila jioni. Ishara ikapanda kutoka tisa hadi kumi na nne.

*

Mdundiko ulitoka saa tisa alasiri, jua likiwa kali. Watu walikuwa wameshajaa barabarani kabla ngoma hazijapashwa moto vizuri. Mwali alikuwa katikati ya wanawake, amefunikwa kanga mpya, na Bi Sikudhani alikuwa ubavuni mwake. Mbele kabisa, mbele hata ya wapigaji, alikuwa Mzee Kibwana katika kanzu nyeupe. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili, rimoti mkono wa kulia, skrini ndogo ya ubao imefungwa kwenye mkono wa kushoto. Havijawa alikuwa bega kwa bega nami.

Ngoma zilipoanza, mzee alichelewa. Kisanduku cha tatu kilikuwa kitupu, na nilimwona amening'inia juu ya mguu mmoja, hana kinachomshika. Kisha mguu ukaenda, umechelewa vilevile alivyotaka, na umati ukaguna kwa raha. Hatua ya pili ikachelewa zaidi. Watu wazima waliomfahamu toka zamani walianza kuita jina lake. Sijawahi kusikia nyimbo zangu zikipokewa hivyo, na nimejaza viwanja.

Tuliuzunguka mtaa hivyo mpaka tukarudi penye mashine ya kusaga, ambapo barabara inashuka na pana mfereji. Hapo akanasa. Kisanduku cha saba kilikuwa kitupu, mwanga ukapita, hakuna kilichokuja. Akapiga magoti yote mawili kwenye kokoto.

Havijawa alipiga kelele. "Jaza! Dada, jaza!"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na nakiri nilitaka kubonyeza. Nilisita, labda kwa muda wa mzunguko mmoja. Ulimtosha Havijawa kuninyang'anya rimoti.

Wapigaji hawakunyamaza, maana mdundiko haukatishwi. Walibaki palepale wanazunguka, wanamsubiri kiongozi wao. Kanzu ya mzee ilikuwa imechanika gotini na damu inaonekana. Havijawa alimzunguka akaja mbele yake, kidole gumba kwenye kitufe.

Mzee aliinua uso. "Usinijaze, mama," alimwambia binti yake. "Ngoja kidogo."

"Baba, watu wanatazama."

"Watazame. Ngoja."

Alijaribu, akarudi chini. Mwanamke mmoja alikuja kumshika kwapa, na Havijawa mwenyewe akamzuia kwa mkono wa kushoto. Alijaribu tena. Niliangalia skrini kwa sababu sikuweza kumwangalia yeye. Mwanga ulipita mara tisa, na mara tisa kisanduku cha saba kilibaki cheusi. Katika mara ya kumi mstari wa kijani ulijikunja juu kidogo, na kisanduku kile kikawaka bila mimi wala mshipi kukigusa. Nilipoinua macho Mzee Kibwana alikuwa amesimama. Alichelewa, akayumba, akaenda.

Umati ulimpita Havijawa pande zote mbili. Alikuwa amesimama palepale, anaitazama ile rimoti mkononi mwake. Hakuwa amebonyeza. Nilipomfikia alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Wako wangapi wengine?" akaniuliza.

"Elfu tisa."

"Wanajua kwamba ni miguu yako?"

"Hawajui."

Akanirudishia rimoti. "Sasa dada, unangoja nini?" Kisha akakimbia kumfuata baba yake.

Nilijibanza kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, vumbi la mdundiko likinipita. Kwa kugusa mara moja ningeweza kufungua visanduku vya watu wote elfu tisa. Nilikuwa na funguo zote. Lakini hilo lingekuwa kosa lilelile, mimi kukaa mahali na kuwaamulia watu miguu yao, na kufikia kesho asubuhi pangekuwa na nyonga zilizovunjika za watu ambao hawakuniomba kitu. Nilichokuwa nacho halali ni maneno. Mshipi unaweza kutuma ujumbe kwenye simu ya mwenyewe. Sisi huutumia kuwakumbusha wachaji betri. Nikaandika:

"Mimi ni Mwamvita Kondo wa Kituo cha Mwendo. Mwendo mnaotumia ni wangu, niliurekodi kwa miguu yangu na sikuwaambia. Nilijaza hata nafasi zenu, na nguvu zenu wenyewe zinapungua kila mwezi kwa sababu hiyo. Anayetaka kubaki hivi abaki, ni salama. Anayetaka kujaribu mwendo wake aje na msimamizi wake, nitampangia. Ajue kwamba ataanguka, na wapo waliowahi kuvunjika na waliokufa."

Nikausoma mara moja. Niliogopa, sitaficha, kwa sababu kazi hii naipenda na nilijua nimeshaiaga. Nikatuma kwa wote.

Haikupita hata dakika tatu, simu ikaanza kuita. Jina la Daktari Mbilinyi lilijaa kwenye kioo, na chini yake jibu la kwanza likaingia, la mwanamke wa Gongolamboto ambaye sijawahi kumwona. Alikuwa ameandika maneno matano: "Nimeshaanguka sana zamani. Nije lini?"

Nilimwandikia aje Jumatatu saa mbili asubuhi, na kama akikuta geti limefungwa anipigie, nitakuja na ubao wangu tukae hapo nje kwenye benchi la muuza maji. Kisha nikapokea simu ya daktari.